Mama ana kadi, mtoto hana: kisa cha faktire (bili) mbili za uzazi mmoja, Lubumbashi, Kongo

Nataka kuandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinajirudia sana kwenye sevisi ya sosiale ya hospitali kule nafanyia kazi, na kila familia inafikiri ni bahati mbaya yake peke yake, wakati ni shimo liko ndani ya karatasi za asiransi (bima) na liko pale tangu siku kontra (mkataba) ilisainiwa. Nimechanganya mambo ya familia zaidi ya moja ili mtu asitambulike. Hospitali sitaitaja, asiransi sitaitaja, kampuni pia. Mambo ya sheria na ya dawa nimeyaacha vile yako.

Familia ni ya Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Baba ni shofere wa kamyo, kampuni yake ni ya sutretansi (inafanya kazi kwa niaba ya kampuni ingine), inabebea kampuni kubwa madini. Mama anauza samaki ya kukausha ku soko ya Kenya (mtaa wa hapa, si inchi). Walikuwa na watoto wawili tayari. Kampuni ilichukua asiransi ya afya kwa wafanyakazi wote, kwa hiyo nyumbani kulikuwa kadi nne, ya baba, ya mama na za wale watoto wawili, na mama alijua vizuri hospitali gani iko kwenye liste na gani haiko. Kwa macho ya jirani hiyo ni familia imepona kabisa, maana wengi hapa mjini wanaenda kuzaa na makuta yamefungwa ndani ya kitenge, wakifika wanaulizwa kosyo (pesa ya kutanguliza) kabla ya kuulizwa wanaumwa wapi.

Mimba ilienda vizuri mpaka wiki ya 33. Siku moja kichwa kikaanza kumuuma tangu asubuhi, jioni anaona vitu kama nyota-nyota mbele ya macho, miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Alienda ku santre kule alikuwa anafanyia CPN (vipimo vya mimba), wakampima tansyo (presha): 17 juu ya 11, yaani 170/110, na mkojo una protini. Hiyo ni preeklampsi. Bamama, tafadhali, kichwa cha namna hii kwenye mimba si cha kumeza parasetamoli na kulala, kinaweza kuishia kwenye degedege na kifo cha mama na mtoto pamoja. Mwuguzi wa zamu hakuchelewa, akamuandikia transfe ile saa, mume akatafuta taksi, wakafika hospitali ya konvansyo (yenye mapatano na asiransi) usiku.

Pale walimpa sulfate ya magnezi ili degedege isianze, dawa za kushusha tansyo, na sindano za deksametazone ambazo zinasaidia mapafu ya mtoto kukomaa, ndiyo zinatolewa wakati inaonekana mtoto atatoka kabla ya wiki 34. Walijaribu kungoja. Tansyo ikakataa kushuka, ikabidi sezariene (kuzaa kwa upasuaji). Mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia saba, alilia kidogo lakini alilia.

Na kwa haki niseme: kwa mama asiransi ilifanya kazi yake. Boni ya sezariene, yaani karatasi ya asiransi ya kukubali kulipa, ilitoka usiku ule ule, dawa zote, kitanda, maabara, hakuna aliyemuomba mume hata frank moja. Kesho yake asubuhi baba anashuka ku gishe (dirisha la kulipia) na kadi ya mke wake mkononi, anataka tu kuuliza kama kuna karatasi ingine ya kusaini, anaambiwa alipe kosyo ya neonato (sevisi ya watoto wachanga).

«Kosyo ya nini? Kadi ya mama yake njo hii.»

«Shefu, ile ni ya mama. Ya mutoto iko wapi?»

«Alizaliwa usiku huu!»

«Najua, shefu. Lakini mutoto haiko mu sistemu. Mulete akti ya kuzaliwa, RH wa kwenu atume liste, asiransi itamuingiza, njo tutaanza kutumia boni.»

RH ni biro ya wafanyakazi ku kampuni, akti ni cheti cha kuzaliwa. Mtu wa gishe hakudanganya, na hakuwa na ubaya. Ndivyo konvansyo inasema. Tangu dakika kitovu kinakatwa, mtoto anakuwa mgonjwa wa pili: ana fishi yake, dosye yake, faktire yake. Mtoto aliyetimia na mwenye afya hatuoni shida hii kwa sababu karibu hana cha kulipa, anapata vitamini K, anapata BCG na matone ya polio ambayo ni ya bure kwenye programu ya chanjo ya serikali, anarudi nyumbani na mama yake, na kadi yake inakuja wakati inakuja. Shida inaonekana siku mtoto anazaliwa mgonjwa ao kabla ya wakati. Yaani asiransi inamkosa mtoto ile siku moja ambayo anaihitaji.

Na mtoto wa kilo 1,7 anahitaji vitu vingi, vyote vina laini yake kwenye faktire. Joto, kwa sababu hana mafuta mwilini ya kujilinda na baridi. Sukari ya damu kupimwa tena na tena. Oksijeni siku za kwanza. Maziwa ya mama kwa mpira wa puani, maana hajui bado kunyonya na kumeza na kupumua kwa pamoja. Antibiotiki, ampisilini na jentamisini, kwa wasiwasi wa enfeksyo. Siku ya tatu macho yakawa ya manjano, akawekwa chini ya taa ya bulu. Hakuna hata kimoja cha ziada hapo, munganga (daktari) alifanya yale inapaswa. Lakini juu ya faktire, kwenye mstari wa nani atalipa, iliandikwa: familia.

Sasa tufuate ile karatasi waliyoombwa, kwa sababu hapa njo moyo wa kisa. Ili mtoto aingie kwenye sistemu anahitaji akti ya kuzaliwa. Akti inatoka ku eta sivile ya komine, biro ya serikali inayoandika vizazi. Eta sivile inataka karatasi ya materinite inayoonyesha nani alizaliwa, lini, na nani. Mtoto mwenyewe hana jina, ku bileti ya mkononi imeandikwa «bebe wa» na jina la mama. Jina linangojwa kwa mzee, baba ya baba, ambaye yuko kijijini, na mzee kwanza hataki kuharakisha, anasema tungoje tuone kama mtoto anabaki. Wengi wanafanya hivyo kwa mtoto wa kuzaliwa kabla ya wakati, sitawalaumu, ni namna ya kujikinga na uchungu. Mama yuko kitandani na kovu bichi. Baba ana zamu ya usiku na akikosa siku zinakatwa. Akti ikipatikana, RH anatuma liste ya mabadiliko mara moja kwa mwezi. Na asiransi inahesabu kuanzia tarehe mtoto ameingizwa, ya nyuma hairudishi.

Linganisha hayo na sheria. Kodi ya familia (yaani kitabu cha sheria za familia, si kodi ya kulipa), vile ilirekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kutangaza mtoto ku eta sivile, na ndani ya siku hizo ni bure. Siku 90! Serikali imeelewa kwamba mzazi anahitaji muda. Asiransi inataka ile karatasi siku ya kwanza. Kati ya siku ya kwanza na siku ya 90 kuna mtoto ambaye kwa serikali hajachelewa hata kidogo, na kwa asiransi bado hajazaliwa. Na siku 28 za kwanza za maisha njo zile za hatari kuliko zote, kila munganga wa watoto atakuambia.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi, na familia nyingi hazilijui kabisa. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kutoa matibabu kwa mfanyakazi na familia yake, kwenye ugonjwa, ajali, mimba na kuzaa, muda wote kontra ya kazi inadumu. Soma vizuri: mwajiri. Haisemi asiransi, haisemi kadi, haisemi sistemu. Asiransi ni chombo ambacho mwajiri amechagua ili kutimiza deni lake mwenyewe. Chombo kikikataa, deni linarudi kwa mwajiri, haliruki kwenda kwa shofere na mke wake. Mtoto ni familia ya mfanyakazi tangu anazaliwa, karatasi inathibitisha tu kitu ambacho kimekwisha kuwa kweli. Lakini ku gishe hakuna anayeeleza hivyo, na baba mwenye mtoto kwenye kuvezi (sanduku la joto) hana nguvu ya kubishana, anauza.

Waliuza. Stoki ya samaki ya mama ilienda kwanza, halafu mama akaomba zamu yake ya likelemba (mchango wa kuzungushana) isogezwe mbele, wenzake wa soko wakakubali, Mungu awabariki. Kosyo ikalipwa.

Wazee wa hapa wanakumbuka ilikuwa namna ingine. Wakati wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kampuni ilikuwa na hospitali zake, na materinite na biro ya wafanyakazi vilikuwa chini ya bwana mmoja, kwa hiyo habari ya mtoto mpya haikuwa na safari ndefu. Sisemi turudi kule, yale maisha yalikwisha, mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walitolewa kwa mara moja kwenye ile waliita kuondoka kwa hiari. Baadaye zikaja kampuni nyingi za sutretansi, na soko ya asiransi ikafunguliwa: sheria ya Machi 2015 ilimaliza monopoli ya miaka mingi ya SONAS, asiransi ya serikali, biro ya serikali inaitwa ARCA ikawekwa kusimamia, na kampuni binafsi zikaanza kupewa ruhusa mwaka 2019. Ni kitu kizuri kwa mengi. Ila sasa kati ya mtoto na matibabu yake kuna biro tatu, mwajiri, asiransi na hospitali, na kila biro inangojea ingine itume karatasi.

Turudi kwa mama. Siku ya tano munganga akasema yeye amepona, anaweza kutoka. Asiransi ikafunga boni yake siku ile. Lakini mtoto alikuwa anaanza mama kanguru: mtoto anavuliwa, anabaki na kofia na kusha (nepi) tu, anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anafungwa na kitenge, masaa mengi iwezekanavyo mchana na usiku. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu kuvezi zilikuwa hazitoshi, na mwaka 2022 OMS (shirika la afya la dunia) ikashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, masaa 8 mpaka 24 kwa siku, kwa maana inapunguza vifo. Kwa hiyo kifua cha mama njo kuvezi, njo dawa. Na asiransi inamuandika mama kama msindikizaji! Kitanda chake, chakula chake, dawa yake ya tansyo ambayo bado alikuwa anaimeza, vyote vikahamia kwenye faktire ya familia. Mama akaanza kusema arudi Katuba kulala, awe anakuja mchana tu, ili asiongeze deni. Tulimuomba abaki. Alibaki, alilala kwenye kiti cha plastiki masiku kadhaa mpaka mkubwa wa neonato akampatia kitanda kilichokuwa wazi, bila kukiandika. Nasema wazi, kama ningeweza kubadilisha mstari mmoja tu ndani ya konvansyo zote za Lubumbashi ningeanza na huu: mama wa kanguru ni sehemu ya matibabu ya mtoto, alipiwe kitanda na chakula kama vile inalipiwa oksijeni.

Mtoto akapanda. Karibu wiki ya tatu alikuwa anagusa kilo mbili, ananyonya mwenyewe, joto linabaki vizuri, munganga akaandika anaweza kutoka. Hakutoka. Ili mtu atoke anahitaji boni ya kutoka, sentineli ku mlango anaiomba, na boni inatoka faktire ikiisha kulipwa. Faktire ya mtoto, hata baada ya kosyo, ilikuwa inapita mshahara wa baba wa miezi miwili. Wakabaki. Mnajua wote vile inakuwa, mama mzima na mtoto mzima wanakaa hospitali kwa sababu ya deni, kila siku inaongeza deni, na mtoto mdogo namna ile anapumua hewa ya wagonjwa wengine. Ni jambo baya, na nimelisema ndani ya mikutano yetu. Najua pia hospitali inaishi kwa zile faktire, prime (nyongeza ya mshahara) ya wauguzi inatoka humo, mafuta ya jenereta yanatoka humo. Lakini mtoto asiwe rehani.

Ile ilifungua njia ni delege sendikale (mjumbe wa wafanyakazi) wa kampuni. Baba hakumtafuta, ni mwenzake wa zamu alimwambia. Delege alifanya mambo mawili siku moja. Alimpigia mzee kijijini, akamueleza kwa heshima kwamba mtoto amebaki, anakua, na jina lake linangojwa ku komine. Mzee alicheka kwa furaha, akatoa jina la mama yake mwenyewe. Halafu delege akaandika barua kwa RH, fupi, na Kodi ya kazi ndani yake, kwamba mwajiri ndiye mdeni wa matibabu ya mtoto wa mfanyakazi tangu kuzaliwa, na kwamba kama asiransi haifuniki siku za kwanza basi kampuni itume leta ya garanti (barua ya kuahidi kulipa) ku hospitali na ibishane na asiransi baadaye. Leta ilifika baada ya siku mbili. Mama na mtoto walitoka jioni ile.

Mwisho wa mwezi kampuni ikaanza kukata mshahara wa baba, imeandika ni avanse (mkopo). Hapo ikabidi Inspeksyo ya kazi. Ugomvi wa mfanyakazi mmoja na mwajiri unaanzia pale, kwa mapatano, kabla ya kufika tribinale. Mbele ya inspekta kampuni ilikubali kuacha kukata na kurudisha ile iliyokatwa. Kosyo wamerudishiwa nusu, nusu bado. Stoki ya samaki hakuna aliyeirudisha, na mama kwa sababu ni muuzaji wa soko hana likizo ya uzazi ya wiki 14 wala chochote cha CNSS (mfuko wa serikali wa wafanyakazi) kwa jina lake mwenyewe.

Watu wananiuliza, na uzazi wa bure wa serikali? Programu hiyo ilianza Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, imeenda inaongezeka kwa mikoa mingine, na inamchukua mama tangu CPN mpaka kuzaa, sezariene pia, na mtoto mpaka siku ya 28. Hapo serikali imefikiri vizuri kuliko konvansyo nyingi za kampuni, mtoto anaingia pamoja na mama yake bila kuulizwa akti. Lakini inafanya kazi kwenye hospitali zilizo ndani ya programu tu, na mtu wa asiransi anaenda kule kadi yake inamtuma, ambako mara nyingi ni kwingine. Kabla ya kuzaa ulizeni ku santre yenu kama iko ndani, msingoje usiku wa tansyo.

Kwa mwenye mimba saa hii na mume ao yeye mwenyewe ana asiransi ya kazi, nitasema yale ninawaambia bamama wanaopita kwangu. Usifiche mimba kwa RH. Ku mtaa ficha ukitaka, lakini RH apewe karatasi ya munganga yenye tarehe ya kuzaa inayotarajiwa, na wewe ubaki na kopi inayoonyesha amepokea. Kwenye karatasi ile ile mume aulize kwa maandishi: mtoto wetu anaanza kulindwa siku gani, na kwa namba ya nani? Jibu la mdomo halitoshi, mtu wa RH anahama, karatasi inabaki. Uliza kama kuna plafo (kiasi cha mwisho cha kulipwa) kwa neonato, na kama prematire (mtoto wa kabla ya wakati) ni kati ya vitu wamekataa, kwa maana kontra zingine zimeandika hivyo kwa herufi ndogo. Uliza kitanda cha mama wa kanguru. Kuhusu jina, ongeeni na wazee mapema, mbaki na jina moja la mvulana na moja la msichana, hata kama sherehe itangoje. Mtoto akizaliwa, karatasi ya materinite ichukuliwe ile siku na si siku ya kutoka, na baba aende ku komine wiki ya kwanza. Kama baba yuko kazini mama anaweza kutangaza, ndugu pia anaweza. Na mkiambiwa mlipe kosyo, kabla ya kuuza kitu mpigieni delege, mumuombe leta ya garanti. Kama kampuni haina delege, sevisi ya sosiale ya hospitali inaweza kuandika barua ile, ni kazi yetu.

Kontra ya kampuni ya huyu baba na asiransi inafanywa upya mwisho wa mwaka. Delege ameomba sentensi moja iongezwe: mtoto anayezaliwa na mama mwenye kadi analindwa kwa namba ya mama mpaka siku ya 90, ile hesabu ya eta sivile. Asiransi imejibu siku 30, tena kwa watoto waliotimia tu. Delege amekataa ile «tu». Wakati wanabishana, RH amekubali kwa maandishi kwamba mfanyakazi yeyote akipata mtoto, leta ya garanti itatoka siku ile ile kwa karatasi ya materinite peke yake, hata kama juu yake bado imeandikwa «bebe wa».